Kifurushi cha Basi kwa Mchumba Aliye Mkoani: Tunaipima Huduma ya Mbezi na Shekilango

Uchumba wa mbali hapa Dar mara nyingi unafanana. Posa imekubaliwa, mahari imetolewa au inamaliziwa, kamati ya harusi imeshaanza kuitwa, ila mmoja yuko Tabata na mwenzake ni mwalimu Bariadi, muuguzi Sumbawanga au mhasibu wa halmashauri Kondoa. Simu zinapigwa kila usiku. Simu ikikatwa, chumba kinabaki kama kilivyokuwa: kitanda kilekile, ndoo ileile ya maji, hakuna kilichoongezeka. Huduma ya vifurushi vya mabasi ya mikoani inafanya jambo moja ambalo simu haiwezi, nalo ni kuweka chumbani kitu kilichoguswa na mtu unayemkumbuka. Tunaipima kwa jambo hilo tu. Kama unatuma vipuri vya pikipiki, vigezo vyako ni vingine.

Kwa kazi hiyo tunaipa alama za juu, juu kuliko huduma yoyote nyingine inayopatikana kwa pesa ya kawaida. Lakini makosa yake yanajirudia, na kwa mtu mwenye upweke kifurushi kilichopotea kinaumiza kuliko kifurushi ambacho hakikutumwa kabisa. Kwa hiyo tuanze na utaratibu.

Ofisi ziko sehemu mbili kubwa: Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, na ofisi za makampuni zilizopangana Barabara ya Shekilango. Wa Lindi na Mtwara wengi humalizana Mbagala. Mbezi kifurushi kinaingia kwenye buti la basi lenyewe. Cha Shekilango mara nyingi kinasubiri gari lingine likipeleke Mbezi, au basi lipite kukichukua, na kila kinapobadilisha mikono ndipo kinapoweza kusahaulika kwenye kona ya ofisi. Mwenye nafasi aende Mbezi. Anayetumia Shekilango afike angalau saa tatu kabla ya muda wa basi kuondoka, na aulize waziwazi: kinaondoka na basi gani, la saa ngapi?

Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, huduma imekuwa nzuri zaidi kwa wachumba kuliko ilivyokuwa. Kifurushi cha Dodoma au Arusha kilichopakiwa jioni kinaweza kuwa mkononi kesho yake asubuhi, kabla mwenzako hajaenda kazini. Cha Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, hesabu siku nzima. Cha Mbeya kinakaribia hapo. Bukoba, Kigoma na Sumbawanga usiahidi saa. Ahidi siku, na uiongezee moja.

Bei hupangwa kwa macho: ukubwa, uzito, na unavyosema kilichomo. Boksi la ukubwa wa boksi la viatu kwa kawaida halifiki hata nusu ya nauli ya abiria wa njia hiyo, na kuna nafasi ya kupatana. Usipatane mpaka ukaikosa risiti. Kusafirisha vifurushi kwa malipo ni huduma inayotakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ofisi yenye leseni inaandika: jina la mtumaji, jina la mpokeaji, namba mbili za simu, kilichomo, thamani yake. Ukimpa kondakta boksi dirishani pamoja na elfu mbili, hamna karatasi yoyote kati yenu. Kondakta akibadilishiwa gari njiani, boksi halina mwenyewe. Hii ndiyo njia kubwa ya upotevu, na karibu kila mara imeanza na hamu ya kuokoa pesa kidogo.

Jina lina taabu yake. Andika jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA cha mpokeaji, si jina mnaloitana. Boksi lililoandikwa "Mamy wangu, Shinyanga" limewahi kuwaletea kizuizi watu wengi kaunta, kwa kuwa karani ana haki ya kukataa kulitoa. Tumia maka peni kwenye karatasi nyeupe, bandika upande wa juu, funika karatasi yote kwa selotepu pana ya uwazi, kisha andika tena moja kwa moja kwenye ubavu wa boksi. Buti la basi lina vumbi na wakati mwingine maji ya ndoo za samaki. Lebo moja hung'oka. Karatasi ya tatu yenye majina na namba zote iweke ndani kabisa, juu ya vitu, ili boksi likipasuka mtu ajue la nani.

Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni la mji wa katikati. Mwenzako yuko Singida, wewe unatuma kwa basi la Mwanza kwa sababu "linapita hapohapo". Boksi lilipakiwa mapema, juu yake yamewekwa mabegi ya abiria wanaokwenda mwisho wa safari, na Singida basi limesimama dakika kumi usiku. Hakuna mtu atakayefukua buti lote kwa ajili ya boksi la korosho. Linafika Mwanza, linarudishwa kesho kutwa likikumbukwa. Tafuta basi ambalo mwisho wake ni mji wa mwenzako, hata kama si zuri kama lile jingine. Kama halipo, mwambie karani aandike "KUSHUSHA NJIANI" kwenye risiti na kwenye boksi, na ukabidhi mwishomwisho, mizigo mingine ikiwa imeshaingia.

Ukishapakia, piga picha ya risiti na namba za basi, mtumie mwenzako pamoja na namba ya simu ya ofisi ya kule, si ya Dar peke yake. Yeye aende na kitambulisho pamoja na simu ileile iliyoandikwa. Aulize pia kama kuna tozo ya kuhifadhi akichelewa siku kadhaa.

Sasa yaliyomo, maana hapo ndipo hamu inapotulizwa au inapokosewa.

Watu hutuma vitu vikubwa vya mara moja: saa ya ukutani yenye picha yenu, mdoli, seti ya glasi. Vinafurahisha jioni moja, kisha vinageuka kuwa sehemu ya ukuta. Kinachosaidia zaidi upweke ni kitu kinachotumika kidogokidogo kila siku na kuisha. Viungo vya chai ni mfano bora. Gramu 100 za tangawizi kavu, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, mlizosaga nyumbani kwa uwiano wenu, kwa nusu kijiko cha chai kila kikombe, zinatosha vikombe visivyopungua sitini. Maana yake kila asubuhi kwa miezi miwili chai yake ina mkono wako. Nusu kilo ya korosho nzima za ukubwa wa kawaida ina punje zaidi ya 300. Kumi kila usiku ni mwezi mzima. Kopo linapokaribia kuisha, kinachofuata kinajulikana kinakuja lini. Anayesubiri jambo lenye tarehe anaweza kusubiri. Upweke wa uchumba wa mbali unakua pale ambapo kila kitu ni "tutaona".

Ubuyu wa Zanzibar unasafiri vizuri ukiwa mkavu. Ule wenye sukari nyingi huyeyuka kwenye joto la buti, unavuja rangi nyekundu na kuharibu kila kitu. Weka kwenye kopo la mfuniko wa kusokota, zungusha selotepu kwenye ukingo, kisha lisimamishe wima kati ya magazeti yaliyokunjwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingepigwa, ni vifungashio vibaya kwa kazi hii. Makopo na bahasha za kaki ndiyo yafaayo. Kashata na visheti havina shida mpaka Mwanza. Halua nayo inafika. Chapati, sambusa, keki yenye krimu na juisi ya miwa usitume kabisa: buti lililofungwa saa kumi na tano, karibu na injini, linachachisha kila chenye maji. Asumini na vikuba vinanyauka kabla basi halijafika Chalinze.

Udi unapendwa sana na unastahili, ila ndio mharibifu namba moja wa vifurushi. Harufu yake inapenya karatasi na kuingia kwenye korosho na majani ya chai, na chakula hicho hakirudi tena kuwa chakula. Funga kila kipande kwa karatasi ya foili, tia kwenye chupa ya kioo yenye kizibo, zungusha kitambaa. Vizuri zaidi, tuma udi safari yake, chakula safari nyingine.

Kanga tunaisifu bila kusita. Doti inauzwa ikiwa vipande viwili havijakatwa; fundi anakata na kupinda. Wapo wachumba wanaogawana: kipande kimoja kinabaki Dar, kingine kinakwenda mkoani, na vitakutana siku ya ndoa. Ni jambo zuri na la bei nafuu, na linamfaa hata mwanaume, kwa kuwa kanga ni shuka ya kujifunika usiku wa joto. Soma jina lake lote kabla ya kulipa pale Kariakoo. Kanga nyingi zina mafumbo ya kumsema jirani au mke mwenza, na muuzaji mwenye haraka atakukunjia rangi nzuri bila kukuonyesha maandishi. Loweka kwanza kwenye maji ya chumvi, fua, anika, ndipo ufunge. Kanga mpya isiyofuliwa hutoa rangi na haina harufu ya mtu.

Harufu ya mtu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 96: walionusa fulana iliyovaliwa na mwenza wao walijisikia na msongo mdogo wa mawazo, na walionusa ya mtu wasiyemjua kiwango chao cha kotisoli, homoni ya msongo, kilipanda. Fulana zile zilivaliwa saa 24 bila manukato wala sabuni zenye harufu. Fuata hivyohivyo. Pamba tupu, si nailoni, maana pamba inashika harufu na nailoni inaigeuza kuwa uvundo. Ilalie usiku mmoja bila pafyumu, kisha iache ikauke kabisa, kwa kuwa unyevu wa jasho kwenye joto la basi ni ukungu. Kunja ndogo, weka kwenye kopo lake lenye mfuniko unaobana, peke yake. Mwenzako afungue usiku tu, dakika chache, na kufunga tena. Ikiachwa kitandani wazi harufu inaisha ndani ya siku chache.

Hapa kuna jambo la adabu. Kuna wazazi, Bara na Pwani, wasiopenda nguo iliyovaliwa isafiri bila mwenyewe, wakihofia isifike mikononi mwa mwenye nia mbaya. Usibishane nao. Tuma kanga au mto mdogo wa pamba, na upeleke kwa mtu anayesafiri mnayemfahamu badala ya buti la basi. Kumtia hofu mama mkwe kwa ajili ya fulana ni hesabu mbovu.

Na mama mkwe huyo ndiye atakayefungua boksi. Mchumba anayeishi kwao hapokei kifurushi peke yake: wadogo zake wamekwenda naye stendi kukichukua, shangazi yupo sebuleni, kisu kimeshaletwa. Funga boksi mbili. La nje ni la nyumba: korosho, tende, kilo moja ya kashata, na karatasi juu kabisa, "Shikamoo mama. Hizi ni za nyumbani kwenu wote, naomba radhi ni kidogo." La ndani, dogo, limefungwa kwa kaki na jina lake tu. Nyumba ikishashughulika na lake, hakuna atakayegusa lile la pili. Ukituma boksi moja la siri umemweka mwenzako mahali pabaya: agawe barua yako au aonekane mchoyo.

Barua andika kwa kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta. Wino wa jeli unasambaa ukipata unyevu. Ukurasa mmoja wa mkono unatosha, uwe na mambo ya hapa: mvua ilivyofunga Jangwani, mwenye nyumba alivyokubali kupaka rangi, nani kaongezwa kwenye kamati. Habari ndogo za siku humfanya aliye mbali ajione bado yumo ndani ya maisha yenu. Barua ya kulia kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho inamwachia mzigo ambao hawezi kuubeba akiwa Namtumbo.

Visivyotumwa kwa basi: pesa taslimu, simu, dhahabu, na pete ya uchumba hata kama inakwenda kupunguzwa tu. Pesa ipite kwenye simu. Vyeti halisi, cha kuzaliwa au cha ubatizo, vinavyohitajika kwa ajili ya ndoa, vipite EMS ya Shirika la Posta, ambako vina namba ya kufuatiliwa, au mkononi mwa ndugu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi yana matangazo yao ya Jumapili tatu. Cheti kilichokwama stendi wakati huo ni hasara isiyo na sababu.

Upungufu mkubwa wa huduma hii hauko kwenye basi. Uko kwa wachumba wenyewe: kifurushi kinachokwenda upande mmoja. Anayeishi Dar, penye maduka, anatuma, anatuma, na aliyeko mkoani anashukuru, anashukuru, mpaka shukrani inageuka deni. Dawa yake wazee wa Pwani walishaiweka: chombo hakirudi kitupu. Kopo la korosho lirudi na kitu cha huko. Dagaa wa Mwanza, asali ya Tabora, karanga za Dodoma, mchele wa Kyela kilo mbili, senene za kukaanga kutoka Bukoba msimu wake ukifika. Hata kama ni majani ya mti ulio nje ya dirisha lake, yamekaushwa ndani ya daftari. Tumieni makopo yaleyale mawili, moja likienda jingine likirudi. Dagaa wawe na kopo lao milele, na lisisafiri na nguo. Mafuta ya alizeti ya Singida yafungwe mdomo kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, la sivyo yatavuja, kwa sababu mfuniko wa galoni hulegea kwa mtikisiko.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Kila wiki ni gharama na inakuwa desturi isiyosikika tena. Miezi minne kimya ni mirefu mno. Msitume kifurushi wakati wa ugomvi ili kukwepa maneno. Boksi halisuluhishi, na mwenzako atalifungua akijiuliza unanunua nini. Malizeni kwa simu kwanza. Pia mtumaji asidai video ya kufungua. Tunajua hamu ya kuona uso wake ni kubwa, lakini mtu anayelia kwa kukumbuka ana haki ya kulia bila kamera. Mpokeaji naye asinyamaze: "Kimefika, kizima, asante" ndani ya saa moja, na maneno mengine usiku. Ukimya baada ya kupokea unamkosesha usingizi aliyesubiri mchana kutwa.

Mwisho, Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi huo mabuti yanajaa mabegi ya wanaokwenda kula sikukuu kwao, na vifurushi ndivyo vinavyobaki Mbezi vikisubiri gari la kesho, kisha la keshokutwa. Hali inakuwa hivyohivyo siku chache kabla ya Idi na shule zinapofungwa. Cha Krismasi kiondoke kabla ya tarehe 10, na juu yake uandike kisifunguliwe mpaka siku yenyewe.